Nilisema 7,000. Nilikosea.

Watu wangu, leo hakuna vidio. Leo ni maandishi, na ni marefu kidogo, kwa hivyo tafuta chai kwanza.

Miezi minne iliyopita niliweka vidio ya Datsun 120Y ya guka. Wengi wenu mlinijulia hapo. Mnakumbuka: tuko kando ya barabara kule Kinangop, boneti iko juu, binamu yangu anakanyaga mafuta gari ikiwa fri, na mita ya revu niliyofunga mwenyewe inapanda mpaka 7,000. Nikaangalia kamera nikasema, kwa ule ujasiri wa mtu ambaye hajawahi kulipia ovaholi kutoka mfukoni mwake, "Hii injini ni chuma. 7,000 kila siku, hakuna stori."

Vidio ikapaa. Komenti zikajaa moto. Kwa mara ya kwanza tangu niache chuo, simu yangu ilikuwa inaita kwa sababu nzuri.

Halafu mwezi uliopita nikapata ujumbe wa sauti kutoka kwa kijana wa rika langu. Ana pikapu ya Datsun 1200, injini ni ile ile ya 120Y. Kila asubuhi anachukua maziwa kwa majirani anapeleka kwenye chama cha ushirika. Alikuwa ameona vidio yangu. Siku moja amechelewa, mtungi wa mwisho ulikuwa umekawia, akaona si lazima abadilishe gia mapema. Akaivuta. Si mara moja, wiki nzima. Siku ya sita injini ikapiga kelele kama sufuria imeangushwa, ikazima.

Hakunitukana. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Alisema tu, "Bro, nilifuata ile vidio yako. Sasa nifanyeje?"

Kwa hivyo haya maandishi ni ya kufuta kauli yangu. Na ni ya kuwaambia ninachoamini sasa kuhusu ile namba ya mwisho ya revu kwenye injini ndogo ya zamani: namba hiyo haitoki kwa vidio ya mtu. Haitoki kwangu pia. Inatoka ndani ya injini yako, kwenye kile kipande kimechoka kuliko vingine vyote.

Kwanza, kwa nini yangu haikuvunjika

Hapa ndipo nilijidanganya. Injini yangu iliishi, kwa hivyo nikadhani najua. Lakini guka aliifungua ile injini miaka michache kabla hajaacha kuendesha. Aliweka springi mpya za valvu, beringi mpya za konrodi, akabadilisha oili kwa tarehe, anaandika kwenye kadaftari kake ka bluu. Mimi nilikuta gari iko tayari nikaanza kujiita mtaalamu.

Pikapu ya yule kijana ilikuwa na springi ambazo hakuna mtu anajua ziliwekwa lini. Inawezekana ni zile zilizotoka nayo kiwandani. Tulipofungua hedi pamoja na fundi, tulikuta kijiti cha kusukuma valvu kimepinda kama upinde, na valvu moja imekatika kichwa, kichwa kimeanguka juu ya pistoni na kuiponda.

Injini aina moja. Namba moja. Moja iko hai, moja iko kwenye gunia. Injini moja kupona haimaanishi namba ni salama. Inamaanisha tu hiyo moja ilipona.

Nini hasa hutokea huko juu

Mizunguko 6,000 kwa dakika ni mizunguko 100 kwa sekunde. Sekunde moja, ukisema tu "Kenya", kranki imezunguka mara mia, na kila pistoni imesimama na kuanza safari upya mara mia mbili. Inapanda, inasimama, inarudishwa chini, inasimama tena. Kinachoirudisha ni konrodi na bolti zake.

Injini ya A12 ina sisi 1,171. Upana wa silinda ni milimita 73 na safari ya pistoni ni milimita 70. Ukifanya hesabu ya sekondari, kwa 6,000 pistoni inakwenda wastani wa mita 14 kwa sekunde. Hapo si pabaya. Shida si mwendo wenyewe, ni kule kusimama na kugeuka. Pistoni ikifika juu kabisa kwa 6,000, inavutwa kurudi chini kwa nguvu zaidi ya mara 1,700 ya uzito wake. Tuseme pistoni na pini yake ni gramu 400. Kwa ile nukta ya muda, konrodi inahisi kama imening'inizwa karibu kilo 700. Huyo ni ng'ombe mzima wa maziwa, na wa kushiba, ananing'inia kwa bolti mbili, mara mia kwa sekunde.

Sasa sikiza hapa, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapotea. Ukitoka 6,000 kwenda 7,000 umeongeza mizunguko kwa asilimia 17 hivi. Lakini ile nguvu ya kuvuta haiongezeki kwa 17. Inaongezeka kwa asilimia 36, kwa sababu inakua kwa mraba. Zile kilo 700 zinakuwa 950 na zaidi. Na ukilinganisha 5,500 na 7,000, nguvu imeongezeka kwa asilimia 62. Sindano kwenye mita imesogea kidogo tu, upana wa kidole. Ndani ya injini si kidole.

Upande wa valvu nako kuna maneno yake. Kwenye injini hizi kamshafti iko chini, kwenye bloku. Inasukuma vijiti, vijiti vinasukuma roka, roka inafungua valvu. Ni vyuma vingi vinavyokwenda na kurudi. Kinachorudisha valvu nyumbani ni springi peke yake. Springi ikichoka, inafika mahali mizunguko imeizidi: kamshafti imeshapita na valvu bado iko hewani. Ikirudi, inajipiga kwenye kiti chake kama mlango uliosukumwa na upepo. Piga mlango hivyo mara elfu kadhaa uone kama bawaba zitabaki. Ndicho kilichotokea kwa pikapu ya maziwa. Haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa ni mimi na springi ya zamani.

"Lakini Japani wanapiga 9,000"

Najua, hii komenti inakuja, wacha niijibu mapema. Ni kweli. Zile Datsun Sunny za mashindano kule Japani, zenye hii hii A12, zilikuwa zinazungushwa zaidi ya 9,000. Nimezitazama mpaka usiku wa manane. Sauti yake ni kama nyuki mwenye hasira.

Lakini hiyo ni A12 kwa jina na bloku. Kranki si ile yako. Konrodi si zako, bolti si zako, springi si zako, kamshafti si yako. Kila kitu kilipimwa kwenye mizani kikalingana. Na injini ilikuwa inafunguliwa na kujengwa upya kama wewe unavyobadilisha oili. Mtu anayekwambia "A12 inafika 9,000" bila kukwambia hayo mengine, anakuuzia paa la nyumba bila kuta. Nami nilikuwa huyo mtu, tofauti ni kwamba nilisema 7,000.

Na hata Safari Rally tunayojivunia, ambapo marehemu Shekhar Mehta alishinda mara tano, zote akiwa na Datsun, haikushindwa kwa kukanyaga mpaka chuma kilie. Ile ilikuwa mbio ya siku kadhaa kwenye matope na vumbi. Aliyeshinda ni aliyefika.

Na faida iko wapi?

Hili ndilo swali ambalo lingeniokoa, na sikujiuliza. Hii injini ikiwa na kabureta yake ya kiwandani na kamshafti yake ya kiwandani, nguvu yake kubwa inafika karibu na 6,000. Kupita hapo haipumui tena vizuri. Unaongeza kelele, unaongeza joto, unaongeza zile kilo kwenye bolti, na nguvu inashuka. Kwa hivyo kwa 7,000 gari ya guka haikuwa na nguvu zaidi. Ilikuwa inalia tu. Nami niliichukulia kilio kuwa wimbo.

Ukibadilisha gia kwa 5,500, kwa barabara yoyote ya Kenya yenye boda boda, mbuzi na bampu ambayo haijapakwa rangi, hujapoteza kitu. Hakuna aliyewahi kuchelewa kazini kwa sababu ya ile 1,500 ya mwisho.

Namba zangu sasa

Haya ni maoni yangu, si sheria. Lakini angalau safari hii nina sababu.

Injini ambayo hujui historia yake: 5,500, na hiyo ni kwa kupita lori tu, si kwa kuishi hapo. Hujui springi zina umri gani, hujui bolti za konrodi zilifungwa na nani, hujui kama oili iliwahi kubadilishwa kati ya mwaka wa uchaguzi mmoja na mwingine. Kitu usichokijua, kitoe kwenye namba.

Injini iliyofunguliwa, umeona kwa macho yako springi mpya, beringi mpya, bolti mpya za konrodi, na presha ya oili iko sawa ikiwa moto: 6,000. Si kwa sababu itavunjika kwa 6,100. Ni kwa sababu juu ya hapo hakuna unachopata.

Ukitaka zaidi ya hapo, sawa, lakini nunua zaidi ya hapo. Anza na springi, bolti, kusawazisha kranki na flaiwili. Kisha tafuta fundi atakayekwambia namba kwa mdomo wake na akubali kuifungua yeye ikivunjika. Akisitasita, ushapata jibu lako.

Injini ikiwa baridi: 3,000, basi. Na usidanganywe na mita ya joto. Ile inapima maji. Oili huchelewa kupata moto kuliko maji, na ni oili inayotenganisha chuma na chuma.

Usinakili namba kutoka gari nyingine pia. Mini ya sisi 998 ina safari ya pistoni ya milimita 76.2, kwa hivyo kwa 6,000 ile ile pistoni yake inakwenda zaidi ya mita 15 kwa sekunde. Corolla ya zamani yenye injini ya 3K safari yake ni milimita 66, pistoni inakwenda 13 na kitu. Mita inaonyesha namba moja, kazi si moja.

Hakikisha mita haikudanganyi

120Y nyingi zilikuja bila mita ya revu, kwa hivyo tunafunga zile za kununua Kirinyaga Road. Yangu nilipoipima niligundua inadanganya kwa karibu 400. Yaani hata ile "7,000" sijui ilikuwa ngapi.

Kupima ni rahisi. Gia ya nne kwenye giaboksi ya gia nne ni moja kwa moja. Kama difu yako ni 3.9 na tairi lako linakwenda mita 1.76 kila mzunguko (weka alama ya chaki, sukuma gari, pima na futi), basi kwa kilomita 80 kwa saa injini inapaswa kuwa karibu 2,950. Tumia simu kupata mwendo wa kweli, mwache mwenzako asome simu, wewe angalia barabara. Ukiona mita inasema 3,300, hiyo mita ni ya mapambo.

Kifaa cha kukata moto nacho

Wengi mmeniuliza kama niweke kile kifaa kinachokata moto wa plagi ukifika namba fulani. Wazo si geni. Lotus Elan za miaka ya 60 zilikuwa na rota ya distribyuta yenye kauzito na springi, ikifika karibu na 6,500 inakata moto yenyewe. Sikuhizi ni kisanduku kidogo cha umeme. Weka, ni kitu kizuri. Kiseti 200 au 300 chini ya namba unayoogopa, si juu yake.

Lakini kijue mpaka wake. Kinakata moto, hakikati mlima. Ukiwa unateremka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu kwa kilomita 100 kwa saa, ukitaka gia ya nne mkono ukateleza ukaingiza ya pili, magurudumu ndiyo yanayoisukuma injini sasa. Gia ya pili ya hizi gari ni kama 2.17. Injini inalazimishwa kwenda karibu 8,000 na hakuna kisanduku kitakachokusaidia, kwa sababu hata bila moto inazunguka tu. Hapo kinga ni mkono wako.

Na tusikimbilie upande wa pili pia. Kuna wazee wanaoendesha kwa 1,200 kwenye gia ya nne mlimani, gari inatetemeka, wanasema wanaokoa mafuta. Hiyo nayo inapiga beringi. Shusha gia, ipe 3,000, ipumue. Kuogopa revu si sawa na kuitunza injini.

Sasa sisi wa kamera

Nikae hapa kidogo kwa sababu hili ndilo linaniuma.

Niliacha uhandisi mwaka wa pili, karo ilikataa. Kwa muda mrefu niliwaambia, na nilijiambia, kwamba chuo hakikunipa kitu, mtaani ndiko kuna elimu. Lakini hesabu ile ya mraba nilifundishwa darasani. Niliijua siku ile nikiwa na kamera. Sikuitumia kwa sababu 5,500 haina vidio. Hakuna mtu atakayebonyeza kuona kijana anabadilisha gia mapema.

Hiyo ndiyo kazi yetu ilivyo, tuseme ukweli. Inalipa anayevuka mpaka, hailipi anayeueleza. Anayevuka anaondoka na pesa, na anayefuata anabaki na gunia la vyuma. Vidio ile iliniletea shilingi 11,400. Kijana wa maziwa alikaa wiki tatu akilipa boda boda kupeleka mitungi, safari mbili mbili kila asubuhi, na siku mbili maziwa yalikataliwa kwa kuchelewa.

Zile 11,400 nilimtumia zote. Hazikutosha, hedi peke yake ilikula zaidi ya hapo. Nyingine tunalipa pole pole, na Jumamosi mbili nimekwenda kumsaidia fundi kusafisha na kufunga. Sisemi hivi ili mnipigie makofi. Nasema ili mjue kosa la namba moja linagharimu kiasi gani, na nani hulipa kwanza.

Vidio sijaifuta. Niliwaza kuifuta, lakini ukifuta, aliyeiona haoni kwamba umekosea, anaona tu imepotea. Nimeweka maandishi mekundu juu yake: USIFUATE HII. Na nawaomba wenzangu wa magari, mkigundua mlisema uongo hata kwa kutojua, rekebisheni kwa sauti ile ile mliyosemea.

Guka nilimweleza yote. Alisikiza mpaka mwisho, macho yake siku hizi hayaoni vizuri lakini masikio yako sawa. Akauliza swali moja tu: "Siku ile mlipokuwa mnaikanyaga, ilikuwa inaenda wapi?"

Nikamwambia, guka, haikuwa inaenda mahali. Ilikuwa imesimama.

Akanyamaza. Kisha akaniambia nimletee kale kadaftari ka bluu, akanionyesha kwa kidole ukurasa wa springi: tarehe, bei, jina la fundi. Chini yake, kwa mwandiko wake wa mwalimu, ameandika 5,500 na kupiga mstari mara mbili. Ilikuwa hapo miaka yote. Sikuwahi kukafungua.

Sasa nimepaka mstari mwekundu kwenye kioo cha mita, kwa rangi ya kucha ya dadangu. Pikapu nayo imerudi barabarani wiki iliyopita, ina springi mpya na mstari wake pia.

Kwa hivyo msiniulize tena kwenye komenti, "Boss, yangu iende ngapi?" Nitawauliza kwanza: springi zako ziliwekwa lini, na umejuaje? Ukikosa jibu, wewe ni wa 5,500. Karibu, tuko wengi huku, na tunafika.